Tuwauzie na wale waliobaki: kutangaza biashara ndogo kwa franka chache

Maneno haya yalisemwa Baraka, mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba, na mwenye kufuatilia biashara ndogondogo katika komite yetu. Tumeyaandika namna yalivyosemwa, tumefupisha kidogo tu.

 

Niliombwa niseme juu ya kutangaza biashara ndogo wakati mfukoni hamna kitu. Najua wengine wanangoja niongee juu ya vibao, fulana na spika kubwa. Nitavigusa, lakini baadaye, kwa sababu ndivyo vinavyokula pesa. Kwanza tuongee juu ya watu.

Kwa nini jambo hili limeletwa mkutanoni? Mnajua namna mfuko wetu wa mkopo unavyozunguka. Pesa ni ileile. Aliyekopa akirudisha, mwingine anachukua. Mwaka huu imekuwa nzito. Komite ilipowatembelea wale waliochelewa, haikukuta watu waliokunywa pesa pombe. Ilikuta mali. Sabuni imepangwa mpaka juu, mashati ya shule yamening'inia, bidoni za mawese zimejaa. Mali iko, mnunuzi hayuko. Na humu ndani leo wamekaa wamemba ambao zamu yao ya kukopa imefika na hakuna cha kuwapa. Mnaponisikia nasema kutangaza, basi mjue nasema juu ya zamu ya mwenzako.

Tulifanya jaribio dogo. Tuliwaomba baadhi ya wauzaji waandike kwenye kaye, kwa wiki moja, jina la kila mtu aliyenunua. Si bei tu, jina. Mama mmoja wa sabuni alileta kaye yake tukaisoma pamoja, jina kwa jina. Huyu tulikuwa naye Lugufu. Huyu ni wa Nyarugusu. Huyu tulivuka naye ziwa meli moja. Huyu ni shemeji yangu. Kufika ukurasa wa pili alianza kucheka mwenyewe, akasema: "Kumbe mimi bado ninauzia kambi!"

Basi hapo ndipo penyewe. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Lugufu 1997. Misafara ya meli kutoka Kigoma kuja hapa Baraka ilianza 2005. Miaka ile yote tulizoea soko la namna moja. Kambini kila mtu alikuwa na anwani, zoni na kijiji. Mtu akikaanga mandazi, kabla jua halijapanda kijiji kizima kimesikia harufu. Muuzaji na mnunuzi wanapokea mgao kwa wakati mmoja, hata pesa inajulikana itakuja siku gani. Hakuna aliyehitaji kutangaza. Wale waliozaliwa kule, na wako wengi humu, hawakuwahi kuona soko lingine.

Hapa si kambi. Hapa tumekuta watu waliobaki, waliovumilia vita wakiwa humu humu, na kila mmoja ana muuzaji wake tangu zamani. Hakuna aliyekaa barabarani akitungoja sisi na sabuni yetu.

Na tukiuziana sisi kwa sisi, pesa inazunguka kama maji ndani ya beseni. Mshonaji ananunua sabuni, mama wa sabuni anashonesha gauni, wote wawili wananunua mandazi kwa wa tatu. Mwisho wa mwezi tukihesabu ni zilezile franka zilizotoka kwenye mfuko, zimepungua kwa sababu kila mmoja amekula kidogo. Pesa mpya iko kwa mvuvi, kwa mwalimu, kwa motari, kwa mama anayeteremka kutoka Fizi au anayekuja kutoka Mboko na mzigo wake. Kwa hiyo tangazo letu lina kazi moja tu: jirani aliyebaki anunue kwako mara ya kwanza. Mara ya pili ataamua yeye mwenyewe.

Kuna methali tulijifunza Tanzania, mnaipenda sana: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia kwa watu ambao sabuni yao imejaa nyumbani. Mimi nadhani aliyeitunga alikuwa na duka ambalo tayari linajulikana. Chema kilichofungiwa ndani ya nyumba hakina miguu.

Wengine wananiambia, "Wale waliobaki wanatubagua, hawataki kununua kwetu." Inawezekana yuko wa namna hiyo, sibishi. Lakini nauliza swali: uliwahi kumwambia bei? Ulimsalimia? Mama ambaye ana franka mia tano za sabuni, hizo tu mpaka kesho kutwa, hawezi kuzicheza bahati nasibu. Akinunua sabuni asiyoijua na isitoe povu, nguo za watoto zinabaki chafu na pesa imekwisha. Anaogopa hasara kama wewe unavyoiogopa. Anayeweza kubeba hiyo hasara kwa mara ya kwanza ni muuzaji, kwa sababu kwa muuzaji ni ndogo zaidi.

Tuhesabu. Tuseme mti mmoja wa sabuni unakugharimu franka 800 kuutengeneza na unauuza 1 000. Ukate vipande kumi. Vipande hamsini vya kujaribu ni miti mitano, yaani franka 4 000 kwa gharama yako. Pale akina mama wanapofulia, ziwani au mtoni, nenda na beseni lako na nguo zako chafu, ufue. Usihubiri. Fua tu. Povu litaonekana. Yule wa pembeni atauliza, maana mwanamke anayefua hakosi kuangalia sabuni ya mwenzake. Hapo unampa kipande, unamwambia bei ya mti mzima na mahali unapokaa sokoni. Basi. Hamsini wakijaribu na wachache tu wakarudi, umeshapata kliya ambao hawakuwa kwenye kaye yako. Mti uleule ukiuziwa ndugu kwa deni, hauleti hata mmoja.

Lakini kabla ya kufanya hivyo, sabuni iwe imekauka. Wenye kutengeneza mnajua vizuri kuliko mimi: sabuni ya mawese na soda kostike inahitaji wiki kadhaa kukaa. Iliyokatwa juzi ni laini, inaisha haraka majini, na inaweza kuchoma mikono. Wengine wanakimbiza soko kwa sababu tarehe ya kulipa mkopo imekaribia. Ukitangaza sabuni mbichi, umetangaza kweli, maana mikono iliyochomwa inaongea kuliko redio. Na miti iwe sawa. Mnunuzi akikuta huu mnene na ule mwembamba kwa bei moja, atadhani unapima uso wake.

Kwa anayeuza mandazi au mikate, kipande cha kuonja ni rahisi zaidi. Kwa mshonaji huwezi kumkatia mtu kipande cha shati, lakini unaweza kushona kifungo bure, kurekebisha zipu, kupunguza suruali ya mtoto. Mtu akishakupa suruali moja ameshaijua njia ya kufika kwako. Haya tunayaita matabishi, kila Mkongomani anayajua. Tofauti ni kwamba matabishi tunampa kliya wa zamani, na mimi nasema tuyapeleke kwanza kwa yule ambaye bado hajaja.

Neno dogo juu ya lugha. Vijana wetu waliosoma kambini wanaongea Kiswahili cha Tanzania, wanasema "mteja", "karibu mteja", na watu wa hapa wanacheka, wanasema hicho ni Kiswahili cha redio. Msikasirike. Kicheko ni mlango. Ila jifunzeni kusalimia kwa Kibembe, na kama kartye yako ina Wafuliiru, na wao wasalimie kwao. Salamu haina bei, na mtu aliyesalimiwa kwa lugha ya mama yake hawezi kupita bila kuangalia mezani.

Sasa redio. Kwa mji kama huu redio ya hapa ndiyo spika kubwa kuliko zote, na kominike si ghali kama watu wanavyofikiri. Uliza bei kwanza, na uliza kama watu watatu wanaweza kugawana kominike moja. Lakini kominike nyingi ninazozisikia zinatupa pesa. Zinaanza na majina ya kundi, na jina la prezida wa kundi, na shukrani, na "tunawatangazia umma wote wa Baraka na pande zake". Muda umekwisha, hatujasikia kinachouzwa. Andika hivi: "Sabuni ya mawese, imekauka vizuri. Mti ni franka elfu moja, kipande kidogo mia moja. Soko la Baraka, karibu na wauza ndakala, kila siku saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Njoo na nguo moja chafu ujaribu." Ni hayo tu. Kitu, bei, mahali, saa. Bei iseme wazi. Mtu asiyejua bei anafikiri ni kubwa kuliko mfuko wake, hasogei. Na ukisema saa mbili, uwe umekaa pale saa mbili. Aliyetembea kutoka mbali akakuta meza tupu hatarudi, na franka za redio zimekwenda.

Kanisani na msikitini matangazo hayalipiwi, lakini heshimu mahali pale. Usisimame kila wiki. Omba mara moja, siku unaanza, na ukipata nafasi toa kitu kwa ajili ya kazi ya pale, sabuni ya kufagilia na kusafishia, kwa mfano. Watu watakiona kikitumika.

Motari. Hawa tunawasahau. Mgeni akishuka kwenye barabara kubwa akiuliza "wapi nitapata mtu wa kushona haraka?", anamuuliza nani? Motari. Wapatie wawili watatu wa kituo cha karibu huduma nzuri, uwashonee koti la mvua lililochanika, nao watakuletea watu mpaka mlangoni. Kuwalipa kwa kila kliya mimi sipendi, mwishowe wanaongeza kwenye bei na kliya analaumu wewe. Wengine hapa hawakubaliani nami, sawa, tutaongea kwenye maswali.

Kuna jambo moja ambalo halina gharama hata kidogo, na nataka nikae hapo: siku. Mji wetu unakula kwa ziwa. Ndakala wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mweupe, taa haziwavuti vizuri, ekipe nyingi zinapumzika, wanashona nyavu. Siku hizo mvuvi hana pesa, mwenye kubeba mizigo hana, mama anayeanika na kuuza hana, na anayewauzia hao wote hana. Kila mmoja wetu anajua hili akiwa jikoni, lakini akiwa mfanyabiashara analisahau. Namwona mtu analipa kominike wiki ya mbalamwezi, halafu analalamika redio haifai! Angalia juu kwanza. Giza likirudi na mitumbwi ikaanza kuingia na ndakala, siku ya tatu ya nne hivi, hapo ndipo utangaze, hapo ndipo uende ufukweni na beseni lako. Siku za mwezi mweupe zitumie kutengeneza mali na kukausha.

Hivyohivyo kwa washonaji. Shule zinaanza Septemba, na shati jeupe na bluu ya chini ni lazima. Ukitangaza Septemba umechelewa, mzazi ameshapeleka kwa mwingine. Mwambie mwezi wa saba, mkubalie alete pesa kidogokidogo akiandikiwa kwenye kaye, na nguo aichukue akimaliza. Tarehe 8 Machi akina mama wanataka kitenge kimeshonwa, na Bonane hakuna mtoto anayetaka nguo ya zamani. Andikeni tarehe hizi ukutani. Walimu nao, mshahara ukiingia, siku mbili tatu ndizo zao.

Nimefika kwenye vibao, na hapa naomba wageni wetu wafadhili wanisikilize kwa moyo mzuri, kwa maana nasema kwa heshima.

Kibao kizuri kinasaidia kwa mtu mwenye mahali pa kudumu: kinyozi, mshonaji, mwenye kuchaji simu. Ubao, rangi, mchoraji, na ujue pia kwamba anayekusanya kodi husoma vibao kabla ya watu wengine. Kwa mwenye meza ndogo sokoni, kitambaa cha rangi moja juu ya meza, kilekile kila siku mahali palepale, kinatosha. Watu watasema "yule mama wa kitambaa chekundu", na hilo ndilo jina la biashara yako.

Lakini kuna vibao vya aina nyingine, tunapewa bure, vina alama ya shirika juu, kubwa, na jina la kundi letu chini, dogo. Nimesimama karibu na meza yenye kibao kama hicho, nikamsikia kliya akisema: "Iyi sabuni si ni ya ONG? Munatuuzisha nini tena?" Mwenye meza alieleza kwamba alikopa, kwamba anarudisha kila mwezi. Yule mtu aliguna akaenda. Kwa macho yake kile ni kitu cha msaada, na msaada hauuzwi. Na aliyebaki, ambaye hakupata msaada wa kurudi kwa sababu hakuondoka, akiona alama ile anasikia uchungu mwingine kabisa. Anasema, wale wa Tanzania wamepewa na hii tena. Tunamfukuza mtu yule tunayemhitaji.

Kwa hiyo wafadhili wetu, tunajua mnahitaji kuwaonyesha wenzenu kule kwamba pesa imefanya kazi. Ni haki yenu. Tuweke alama kwenye mlango wa ofisi ya mituele, kwenye ripoti, kwenye gazeti hili. Kwenye meza ya mama ya sokoni tuache jina la mama. Na kama kuna pesa iliyopangwa kwa fulana na banderole, tunaomba ije kama franka za vipande vya kujaribu na za kominike. Tutawaletea kaye zenye majina ya wanunuzi, mtahesabu wenyewe ni wangapi wa zamani na wangapi wapya. Nadhani ni picha nzuri kuliko ya fulana.

Juu ya simu nitapita haraka. M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, ukiwa na mojawapo andika namba mahali inapoonekana, maana kuna mtu ambaye pesa yake iko kwenye simu na hana noti. WhatsApp inakula mega, kwa hiyo picha moja mchana wa jua, bei chini yake, mahali, basi. Usitume kila asubuhi kwenye kundi la familia na la kanisa, watu wataacha kuangalia. Asiye na simu ya kioo asijisikie mnyonge, wengi wa wanunuzi wetu hawana pia.

Na deni. Najua mlikuwa mnaliogopa neno hili. Wengi wanatoa deni wakidhani ni njia ya kuvuta watu: "Achukue, atanitangaza." Hatakutangaza. Mtu mwenye deni lako anabadilisha njia. Alikuwa anapita mbele ya meza yako, sasa anapita nyuma ya kanisa. Umepoteza mti wa sabuni, umepoteza kliya, na umepoteza mdomo wake, kwa sababu hawezi kukusifu kwa watu bila wao kumuuliza mbona yeye hanunui tena. Ndugu akija, mpe kipande kama zawadi, kidogo, umwambie ni zawadi, yaishe. Itakugharimu kidogo na atapita mbele yako kesho. Kwa shemeji ni vigumu, najua. Kwa shemeji sema kaye iko kwa komite. Mtupie komite lawama, tumekubali kuibeba.

Pendekezo la komite ni hili, na mtalipigia kura kabla ya chakula. Kuanzia zamu ijayo, kila anayekopa aonyeshe sehemu moja kati ya kumi ya mkopo wake itakavyotumika kujulikana: vipande vya kujaribu, kominike, kitambaa cha meza. Apewe sehemu hiyo kwa mkono tofauti, baada ya mali kuwa tayari, na kwa upande wa sabuni, baada ya kukauka. Baada ya mwezi mmoja alete kaye ya majina. Ikiwa ukurasa wote ni wa watu tuliovuka nao, hatumpigi faini. Tunakwenda naye ufukweni asubuhi moja, watu wawili wa komite, na beseni.

Yule mama wa kaye amekubali kuonyesha namna anavyokata vipande. Ameleta miti mitatu, iko pale mezani nyuma. Maswali sasa, na tuanze na wale wasiokubaliana nami juu ya motari.